Maziwa Niliyomnywesha Mwanangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na muweke simu kando. Sitawabembeleza. Mimi niliishia darasa la tatu, sijui maneno ya kupamba, na sikukaa chini kuandika ili mnionee huruma. Huruma yenu siitaki. Nataka mjue jinsi mama anavyoweza kummaliza mtoto wake mwenyewe saa nane mchana, jua likiwaka, majirani wamejaa uani wakiomba Mungu. Mama huyo ni mimi.

Boma letu liko Marungu. Nimefuga ng'ombe tangu nilipoolewa, na hoteli nyingi za Voi zimechemsha chai kwa maziwa yangu. Lakini si hayo yaliyonipa jina. Zamani mtoto wa jirani alikunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, akaanza kutoa povu. Nilimshika taya nikammiminia maziwa, kikombe juu ya kikombe, mpaka akatapika. Akapona. Kuanzia siku hiyo mtu akila sumu, hawakuita daktari, waliniita mimi. "Mwiteni mama wa maziwa." Mtu akinywa mafuta ya taa, mimi. Mtu akiumwa na nyoka mguuni, ambako maziwa hayana kazi yoyote, bado walikuja kunichukua na bado nilimimina. Waliopona walinitaja kanisani. Waliokufa tukasema siku zao zilifika. Nilikaa benchi la mbele, na nilijiona.

Mwanangu wa mwisho alikuwa utingo wa malori, mara Mombasa, mara Taveta hadi mpakani. Huko barabarani ndiko alikojifunza unga, ile heroini ya kujidunga. Alirudi nyumbani amekonda, na amekuja na mke, msichana wa Pwani ambaye hakuna hata mbuzi mmoja aliyepelekwa kwao. Alivaa mikono mirefu hata Februari, mwezi ambao Voi hata mijusi hutafuta kivuli. Nilijua anaficha nini. Sikulitumia jina lake. Akiwepo nilimwita "wewe." Asipokuwepo nilimwita lile teja la kike.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni anajikunja.

"Wewe, umeamka? Au kwenu wafu huamka saa hizi?"

"Nimeamka, mama."

"Mimi si mama yako."

"Basi nikuite nani? Mwenye ng'ombe?"

Mwanangu alicheka kutoka ndani. Nilimsikia. Kicheko kile kilinikaa rohoni kuliko matusi, maana kwa muda mrefu hakuwa amecheka kwa jambo nililosema mimi.

Baadaye mwanangu akauza ndama wangu. Alimfungua mchana kweupe, akamwongoza kwa kamba hadi barabarani, na watu wakamsalimu njiani wakidhani nimemtuma. Nilikwenda kituoni mwenyewe kwa miguu. Nikamwambia askari, "Mwanangu anatumia unga, mabomba yake yako chini ya godoro. Njooni mmchukue." Askari aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Mfungeni mpaka anyooke. Mimi nimeshindwa."

Hayo mabomba ni sindano za kujidungia. Kupatikana nayo tu kulitosha. Hakuna aliyezungumzia ndama tena. Alifungwa miezi tisa, na siku aliyofungwa nilipika chapati. Ndiyo, chapati. Nilidhani nimempeleka shule.

Mke wake hakuondoka. Alibaki kwenye chumba chao cha nyuma, akifulia watu nguo mjini, na kila alipopata ruhusa alikwenda kumwona jela. Mimi sikwenda hata mara moja. Nilisema nitamwona akiwa mtu.

Akatoka siku ya Alhamisi. Alikuja amenenepa mashavu, amenyolewa, macho meupe. Alipiga magoti mbele yangu na mimi nikaweka maji kinywani nikayapuliza chini, kama wazee wetu wa Dawida, sisi Wataita, walivyofanya kuondoa hasira iliyowekwa juu ya mtoto. Mchungaji hapendi mambo hayo, lakini mchungaji hakuwepo. Nikasema, "Hasira yangu juu yako imeisha." Yule msichana alikuwa kando yake, naye amepiga magoti akingoja. Nilimaliza maji yote kwa mwanangu. Nilimtazama usoni, nikaweka kikombe chini, nikamwambia aende akachochee moto.

Tulikula sima na kuku pamoja na majirani na watu wa kanisa waliokuja kumpokea. Baada ya kula mwanangu alisema anakwenda kuoga. Bafu letu ni la mabati, liko nyuma ya zizi. Tukangoja. Msichana ndiye aliyeinuka kwanza. Nilimsikia akigonga, kisha akipiga bati kwa mikono miwili, kisha akipiga ukelele. Tulipofika alikuwa ameshamvuta nje. Midomo ya mwanangu ilikuwa ya rangi ya zambarau. Alikuwa akipumua mara moja, halafu unangoja, unangoja, halafu mara nyingine, kwa mkoromo kama mtu aliyelewa.

Binti yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, aliuliza, "Ana nini?"

"Amezidisha," yule msichana alisema. "Amepiga kipimo chake cha zamani. Saidieni tumlaze ubavu. Nipeni mtu wa boda, twende hospitali, twende sasa hivi!"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Nilijua hospitali iko wapi. Boda ilikuwepo, jirani alikuwa nayo pale pale langoni, funguo mkononi. Lakini nilifikiria hivi: hospitalini watauliza amekula nini. Tukisema unga, wataita polisi. Polisi watakuja na gari lao hapa bomani, mbele ya watu wa kanisa, watapekua, na mwanangu ambaye ametoka leo atarudi jela leo. Labda na mimi wataniuliza kwa nini kitu kile kilipatikana kwangu. Niliogopa gari la polisi kuliko nilivyoogopa ule mkoromo. Jirani naye alisema polepole, "Mimi sitaki boda yangu iandikwe kwenye kitabu chao." Hakuna aliyemlaumu. Wote tulielewa.

Nikasema, "Hii ni sumu kama sumu nyingine. Leteni maziwa."

Yule msichana aliruka. "Mama, usimpe! Usimpe kitu mdomoni, hajitambui! Mlaze ubavu, mpulizie pumzi, nitakuonyesha!"

Nilimchapa kofi. Hata sikumpa kwa kiganja, nilimpa kwa nyuma ya mkono, na alianguka kwenye kuni.

"Wewe ndiye uliyemletea! Ametoka jela msafi, amekaa na wewe saa tatu, na sasa angalia. Toka! Ukibaki hapa naita polisi wakukute na mabomba yako!"

Alisimama. Damu ilimtoka puani. Alimtazama mume wake, akanitazama mimi, akatazama lango. Alikuwa na bomba kwenye mkoba, hilo nilijua, na yeye alijua najua. Akakimbia. Mtu mmoja tu pale bomani ndiye aliyejua la kufanya, nami nikamfukuza kama mbwa aliyeingia jikoni.

Kisha nikakaa chini, nikaweka kichwa cha mwanangu mapajani, uso juu. Nikamshika taya. Nikammiminia. Majirani waliimba pambio. Maziwa yalikuwa ya asubuhi, bado yana harufu ya moshi wa kuni. Kikombe cha kwanza kilitoka kando ya mdomo. Cha pili kiliingia, nikafurahi. Cha tatu kiliingia. Alikohoa kidogo, nikawaambia watu, "Mnaona? Anarudi." Hakurudi.

Polisi walikuja hata hivyo. Walimkamata yule msichana kabla jua halijazama, stendi ya basi, na kwenye mkoba wake wakakuta bomba na kete moja, yaani kipakiti kimoja kidogo cha unga. Wakaniita kuandika taarifa.

Askari aliuliza, "Mama, huyu ndiye aliyempa marehemu?"

"Nani mwingine angempa?"

"Ulimwona akimpa? Kwa macho yako?"

Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Sikuwa nimeona kitu chochote. Nilikuwa jikoni nikipindua sima.

"Andika nilimwona," nikasema, nikatia sahihi. Darasa la tatu lilinitosha kwa hilo.

Siku tatu baadaye daktari aliyepasua maiti aliniita kando. Alikuwa kijana wa umri wenu.

"Nyanya, nani alimpa maziwa?"

"Mimi."

"Alikuwa anajitambua?"

"Hapana."

Alivua miwani. "Mapafu yake yalijaa maziwa. Unga ulimlaza, hilo ni kweli. Pengine angekufa, pengine angeamka, siwezi kuapa. Lakini baada ya maziwa hapakuwa na pengine tena."

Hakupaza sauti. Laiti angenitukana. Nilimuuliza kama ataandika hivyo. Alisema ameshaandika. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na walioipokea walitafuta ndani yake neno moja tu, heroini, wakaifunga. Binti yangu aliisoma yote. Aliikunja, akaiweka kwenye Biblia, hatukuizungumzia. Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata na nililia kwa sauti kubwa. Watu walisema Mungu amlaani yule mwanamke. Nikasema amina.

Miezi minne yule msichana alikaa rumande kwa maneno yangu. Kesi ilikuwa isikizwe mwezi uliofuata, na binti yangu aliniambia ukweli wake: kwa bomba na kete angepata kifungo kidogo, lakini kwa kumpa mtu unga na mtu akafa, angezeekea ndani. Kila kitu kilisimama juu ya sahihi yangu. "Basi azeeke," nilimjibu, nikaenda kukamua.

Ndipo chifu akatangaza mkutano kwenye ukumbi, Voi. Kuna watu walikuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu sheria ya madawa ya kulevya. Walitaka kujua: mtu akiita msaada kwa aliyezidisha, naye akamatwe? Anayetumia apelekwe jela au kwenye matibabu? Bomba liendelee kuwa kosa? Nilivaa kitenge changu cha sherehe. Nilikwenda kusema wafungwe wote.

Na ukumbi ulikuwa wangu. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Hawa wapelekwe Tsavo, simba nao wana njaa." Watu walicheka mpaka wakapiga viti. Nilicheka. Mama mwingine alisema, "Mnataka kuwapa hospitali? Mimi nikiumwa nangoja foleni siku nzima, teja apewe kitanda?" Tulimpigia makofi.

Kisha akasimama nesi mmoja anayehudumia watu hao. Walimzomea, akangoja. Akasema, "Wengi wetu hatujui saa ya hatari. Ni mtu akitoka jela. Miezi yote hiyo mwili umesahau, lakini yeye hajasahau kipimo. Anapiga kile cha zamani, anaanguka. Ukimkuta, mlaze ubavu. Asiwekewe kitu chochote mdomoni, si maji, si maziwa. Mpulizie pumzi, mkimbize hospitali. Dawa ya kumwamsha ipo, inapulizwa puani. Lakini wanaokuwa naye hukimbia, kwa sababu wakibaki wanakamatwa."

Yalikuwa maneno ya yule msichana. Neno kwa neno. Alinipa bure uani kwangu, nami nikamlipa kofi.

Yule mzee wa kanisa alipaza sauti, "Nesi, wewe unatetea wauaji wa watoto wetu! Muulizeni mama huyu hapa mbele, lile teja la kike lilimfanyia nini mwanawe!" Ukumbi mzima ulinigeukia. Wakaniletea kipaza sauti.

Nilisimama. Nikasema, "Mwanangu hakuuawa na mke wake. Mimi ndiye niliyempeleka jela mwili ukasahau. Mimi ndiye niliyemnywesha maziwa akiwa hajitambui, daktari aliyakuta kwenye mapafu. Mke wake alisema ubavu, alisema hospitali. Nilimfukuza kwa jina la polisi, na akakimbia kwa sababu sheria yenu ilikuwa upande wangu. Kisha niliapa nilimwona akimpa. Sikumwona."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Nyanya amenunuliwa na wauzaji."

"Wauzaji?" nikamjibu. "Wewe mjukuu wa jirani yangu, nimekunywesha maziwa ukiwa na minyoo, na ungekuwa umelala chali siku hiyo usingekuwa hapo unabwabwaja."

Wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Mzee wa kanisa alihama kiti. Nikawaambia wale wakusanya maoni waandike: anayeuza unga kwa mizigo mfungeni, simtetei. Lakini bomba lisimfanye mtu aogope kubaki na mumewe anayekata roho. Anayeita msaada asiguswe. Na jela si shule. Waliandika. Sijui karatasi yao ilikwenda wapi. Sheria, kwa ninavyojua ninapoandika, ingali vile vile. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita tena mama wa maziwa, wala hakuna aliyekuja kukaa nami kwenye benchi la mbele.

Kesho yake nilikwenda kituoni kufuta taarifa yangu. Askari alikuwa yule yule.

"Mama, unajua kusema uongo kwa polisi ni kosa? Naweza kukuweka ndani."

"Niweke."

"Unataka kunichezea?"

"Mara ya kwanza nilikuchezea, ukaandika haraka. Leo nasema kweli na kalamu yako imekauka?"

Aliandika. Waliniita mara tatu, wakanitisha, kisha wakaniacha. Nadhani hakuna aliyetaka kumfunga bibi kizee wa Marungu mbele ya magazeti. Shtaka kubwa likaanguka. La bomba na kete lilibaki, na hakimu akampa kifungo cha nje. Alikuwa amekaa ndani zaidi ya miezi mitano.

Nilimngoja kwenye lango la jela. Alitoka na mfuko wa plastiki, amenenepa mashavu, macho meupe. Nilipoona yale macho meupe, niliikumbuka ile Alhamisi ya mwanangu. Yeye aliponiona alisimama mbali.

"Umekuja kunipiga tena?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?" Alicheka, meno mawili hayapo. "Mwenye ng'ombe, usijisumbue. Nakwambia ukweli kwa sababu sina cha kupoteza: nitatumia. Labda leo. Nimelia humo ndani mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikaisha, lakini kichwani haijaisha. Nenda kamwombee mwanao."

Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamuuliza kuhusu kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza kiu ya unga, ambayo nesi alinieleza baada ya mkutano. Alisema anaijua: iko mbali, ni safari ya basi, na ni lazima uinywe mbele yao kila siku. Nikamwambia tutakwenda Jumatatu. "Leo ni Ijumaa," alisema. "Jumatatu ni mbali." Kweli ilikuwa mbali. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kulikuwa na nafasi ya kufa mara kadhaa, na sasa mimi nilijua hivyo kama nesi.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Alikuja kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Njia nzima alitembea hatua tatu nyuma yangu.

Bomani binti yangu alitukuta langoni akafunga mikono kifuani. "Mama, teja? Kwenye nyumba yenye watoto? Na akijidunga humu, na polisi wakija? Watatufunga sote!"

"Huenda."

"Huenda? Ndiyo jibu lako?"

Wajukuu walikuwa wametoka nje, na bwana wa binti yangu, na mfanyakazi wa ng'ombe, wote wakitazama yule msichana kama mgonjwa wa ukoma. Alikuwa ameshageuka kuondoka. Nikamshika mkono, ule wa makovu, nikauinua juu wauone, ingawa alijaribu kuuvuta. Kisha nikawaambia wote, na nikawaamuru wanirudishie maneno hayo mmoja mmoja mpaka nikaridhika:

"Huyu atalala chumbani kwangu. Ng'oeni komeo la bafu sasa hivi. Akishindwa kungoja Jumatatu, hatakwenda vichakani wala nyuma ya zizi. Atajidungia hapa, mbele yangu, na mimi nitakaa nimtazame. Akianguka, mlazeni ubavu na mlete boda, na atakayetamka neno polisi kabla hajafika hospitali, afungashe nguo zake atoke kwenye boma langu."